Magazijuto kwenye meza ya msaidizi wa kisheria

Karatasi aliyokuja nayo yule mlinzi ilikuwa imekunjwa mara nne na kulowa jasho kwenye mikunjo. Mwajiri alikuwa amepunguza watu, naye alikuwa mmoja wao. Katikati palikuwa na mstari mmoja: kiinua mgongo, miaka 6, Sh 546,000. Chini yake kulikuwa na nafasi ya sahihi, bado tupu.

"Wamesema nikisaini leo, hela nachukua leo. Nisaini, mwanangu?"

Alimwuliza mwanafunzi wa astashahada ya sheria aliyekuwa kwetu kwa mafunzo kwa vitendo. Kijana yule ni mzuri, nasema kwa moyo mmoja. Alimwamkia mzee, akampa kiti, akamweleza bila kubabaika kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania Bara ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi aliyepunguzwa angalau mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka aliokamilisha kazini, kikomo kikiwa miaka 10. Mzee akatikisa kichwa, kisha akauliza tena: "Kwa hiyo ndiyo hii 546,000?" Kijana akanyamaza. Akatoa simu, akafungua kikokotoo, akakifunga.

Kimya kile nimekikuta kwa wanafunzi wengi. Wanaoingia kusoma sheria ngazi ya cheti na diploma mara nyingi ni watu waliofanya hesabu zao mapema: Hisabati imenishinda, niende kwenye maneno. Siwalaumu. Kwenye matokeo ya kidato cha nne ya miaka ya karibuni, wanaofaulu Hisabati hawafiki hata theluthi moja ya watahiniwa. Tatizo ni kwamba sheria ya mtu wa kawaida haiji na maneno matupu. Inakuja na mshahara, tarehe, ekari, riba na mafungu ya urithi.

Kabla ya kuingia kwenye hesabu zenyewe, tuweke sawa jambo ambalo huwachanganya wazazi na wanafunzi: msaidizi wa kisheria ni nani hasa?

Tanzania Bara, kazi hii ilipata sheria yake mwaka 2017, Sheria ya Msaada wa Kisheria. Kenya walitangulia kwa sheria yao ya 2016, na Zanzibar wakapata yao mwaka 2018. Kwa sheria ya Bara, msaidizi wa kisheria anatoa elimu ya sheria kwa jamii, anamsaidia mtu kupata nyaraka anazohitaji, anamwelekeza kwenye chombo sahihi, na anawashauri wanaogombana watafute suluhu. Hasimami mahakamani kumwakilisha mtu. Hiyo ni kazi ya wakili, ambaye amepitia shahada ya sheria, kisha Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, kisha akaapishwa. Anayekuambia kwamba cheti cha mwaka mmoja kitakufanya wakili anakudanganya.

Njia za kuingia ni mbili, na watu huzichanganya. Ya kwanza ni mafunzo mafupi ya wasaidizi wa kisheria wa jamii: mwalimu mstaafu, mama wa kikundi cha vikoba, mjumbe wa mtaa, anasoma kwa mtaala uliokubaliwa na kurudi kuhudumia kata yake. Ya pili ni chuo. Chuo cha Uongozi wa Mahakama kilichoko Lushoto, kwenye baridi ya Usambara, ndicho kinachotajwa zaidi. Ngazi zake, kama za vyuo vingine vya kati, huenda kwa namba za NTA, mfumo wa taifa wa ngazi za vyuo vya ufundi: ya 4 ni astashahada ya awali, ya 5 astashahada, ya 6 stashahada. Nairobi kuna Kenya School of Law, yenye diploma ya sheria mahususi kwa kazi hii. Kwenye vyuo vya jamii vya Marekani, ambako kazi hii ilianza kukua katika ofisi za mawakili miaka ya 1960 mwishoni, shahada ya miaka miwili ya fani hii kwa kawaida hubeba pia masomo ya jumla, na mojawapo huwa ni hisabati ya utangulizi. Wanafunzi wa huko nao hulalamika: nimekuja kusoma sheria, hesabu za nini?

Jibu lilikuwa mkononi mwa yule mlinzi.

Mshahara wake wa msingi ulikuwa Sh 390,000 kwa mwezi. Sheria inasema mshahara wa siku 7, lakini yeye analipwa kwa mwezi. Basi siku moja ni shilingi ngapi? Karani wa mwajiri aligawa kwa 30, kama ambavyo wengi wangefanya. Akapata 13,000. Mara 7 ni 91,000, mara miaka 6 ni 546,000. Hesabu haina kosa hata moja la kuzidisha. Kosa liko kwenye kigawanyo.

Jedwali la Kwanza la sheria ile ile linaeleza namna ya kupata ujira wa siku kutoka kwenye mshahara wa mwezi: gawa mshahara kwa zao la 4.333 na idadi ya siku unazofanya kazi kwa wiki. Hiyo 4.333 huwatisha watu kwa sababu inaonekana imetoka hewani. Haikutoka hewani. Mwaka una wiki 52 na miezi 12, na 52 ukigawa kwa 12 unapata 4.333. Mwezi hauna wiki nne kamili kama tunavyosema mitaani. Ungekuwa nazo, mwaka ungekuwa wa wiki 48. Mlinzi wetu alifanya kazi siku 6 kwa wiki. Mara 4.333, ni kama 26. Kwa hiyo siku yake moja ya kazi ina thamani ya 390,000 gawa kwa 26, yaani Sh 15,000. Siku 7 ni 105,000. Miaka 6 ni 630,000. Tofauti na karatasi aliyopewa ni Sh 84,000, na kwa mtu aliyepoteza kazi hiyo ni kodi ya chumba ya mwezi au miwili.

Kumbuka pia neno "aliokamilisha". Mzee alikuwa amefanya kazi miaka 6 na miezi 8. Ile miezi 8 haingii kwenye kiinua mgongo, na ni bora kumwambia mapema kuliko kumpa tumaini la uongo.

Hapa ndipo magazijuto inaporudi kutoka darasa la tano: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Kijana wangu alipojaribu mwenyewe kwenye simu, aliandika 390,000 ÷ 4.333 × 6. Simu ikafanya kama ilivyoagizwa: ikagawa kwanza, kisha ikazidisha, ikaleta zaidi ya 540,000. Alitaka kuandika jibu hilo. Nilimzuia nikamwuliza kitu kimoja tu: mshahara wa siku moja unawezaje kuzidi wa mwezi mzima? Akacheka kwa aibu, akaweka mabano, 390,000 ÷ (4.333 × 6), na jibu likakaa mahali pake. Nasisitiza hili kwa kila darasa. Kabla ya kugusa kikokotoo, kadiria. Ujira wa siku lazima uwe mdogo kuliko wa wiki, na wa wiki mdogo kuliko wa mwezi. Mwenye mazoea hayo ataokoa watu hata kama hajui logarithimu.

Tarehe nazo ni hesabu, na ni hesabu isiyosamehe. Mgogoro kuhusu uhalali wa kuachishwa kazi unatakiwa kufikishwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30. Madai mengine ya kikazi yana siku 60. Watu husikia "siku 30" wakaelewa "mwezi", na hivyo ni vitu viwili tofauti. Siku ya tukio haihesabiwi. Siku ya mwisho inahesabiwa. Ikiangukia Jumamosi, Jumapili au sikukuu ya kitaifa, inasogea hadi siku ya kazi inayofuata.

Tuseme mtu ameachishwa Jumatano, tarehe 4 Machi 2026. Siku ya kwanza ni tarehe 5. Machi inaishia tarehe 31, ambayo ni siku ya 27. Siku ya 30 ni Ijumaa tarehe 3 Aprili. Angalia kalenda: ni Ijumaa Kuu. Inayofuata ni Jumamosi, halafu Pasaka, halafu Jumatatu ya Pasaka. Jumanne tarehe 7 ni Siku ya Karume, nayo ni sikukuu ya kitaifa. Siku ya mwisho inakuwa Jumatano, tarehe 8. Nimelitoa zoezi hili mara kadhaa na karibu darasa zima huishia tarehe 3 au 4. Sisemi mtu akae nyumbani hadi tarehe 8. Aende kesho yake kama anaweza. Lakini akija kwako tarehe 7 analia kwamba muda umepita, unapaswa kujua kwamba haujapita.

Ardhi nitaipitia kwa haraka, ingawa migogoro yake haina haraka. Vijijini ekari hupimwa kwa hatua 70 kwa 70. Kipimo hicho si cha kubahatisha: ekari ni yadi za mraba 4,840, na 70 mara 70 ni 4,900, kwa hiyo kinafaa mradi hatua moja iwe yadi moja, yaani sentimita 91 hivi. Sasa mwuzaji mwenye hatua fupi za sentimita 75 akitembea hatua zake 70 kila upande, anakupa kipande cha mita 52.5 kwa 52.5, ambacho ni mita za mraba 2,756. Ekari ni mita za mraba 4,047. Umelipia ekari, umepata kama theluthi mbili yake, na hakuna aliyesema uongo kwa mdomo. Upande ukipungua kidogo, eneo hupungua zaidi, kwa sababu upungufu unaingia mara mbili, kwenye urefu na kwenye upana. Beba futikamba.

Kuna mikopo. Mitaani ipo inayoitwa kausha damu, na jina limeisema vizuri. Lakini hata mkopo wenye sura ya heshima unaweza kuficha kitu ndani ya neno "riba ya asilimia 2 kwa mwezi". Asilimia 2 ya nini? Chukua Sh 1,200,000 kwa miezi 12. Riba ikihesabiwa kila mwezi juu ya mkopo wote wa mwanzo, ni 24,000 mara 12, jumla 288,000. Ikihesabiwa juu ya deni lililobaki, huku ukirudisha 100,000 kila mwezi, unachukua asilimia 2 ya 1,200,000, kisha ya 1,100,000, kisha ya 1,000,000, hadi ya 100,000. Huna haja ya mistari kumi na miwili. Namba 1 hadi 12 jumla yake ni 12 mara 13 gawa kwa 2, yaani 78. Kwa hiyo madeni yote yakijumlishwa ni 7,800,000, na asilimia 2 yake ni 156,000. Asilimia ni ile ile, muda ule ule, lakini tofauti ni Sh 132,000. Huu ndio mfululizo wa kidato cha tatu ambao wanafunzi huniuliza utawasaidia nini maishani. Unamsaidia mama aliyesaini mkataba kwa kuamini kwamba asilimia 2 ni asilimia 2.

Utaona kwamba sijataja kitu kigumu. Sehemu, asilimia, uwiano, eneo, kuhesabu siku, mfululizo mmoja. Mtu aliyepata F ya Hisabati anaweza kuyaweza haya yote kwa muhula mmoja, sharti afundishwe kutoka kwenye mafaili halisi na si kutoka kwenye maembe ya Juma na Asha. Ndiyo maana nikiulizwa na mzazi chuo gani ampeleke binti yake kusoma cheti cha sheria, namwambia kwanza ahakikishe kimesajiliwa na NACTVET, baraza la taifa linalosimamia vyuo vya kati, halafu aulize wanafunzi, si ofisi ya udahili: mlishawahi kukokotoa kiinua mgongo ubaoni? Mlishawahi kugawa mirathi hadi shilingi ya mwisho?

Mirathi nimeiacha mwisho kwa sababu ndiyo inayojaza mabenchi, na ndiyo hesabu nzuri kuliko zote. Neno "aljebra" lenyewe limetoka kwenye jina la kitabu cha al-Khwarizmi, aliyeandika Baghdad karne ya 9, na sehemu kubwa ya kitabu hicho inahusu wasia na mirathi. Watu walikuwa wakizikana na kugawana, wakahitaji njia ya kugawana bila kupigana.

Chukua familia moja. Baba amefariki. Ameacha mke mmoja, mama yake mzazi, watoto wawili wa kiume na mmoja wa kike. Baada ya gharama za mazishi na madeni kulipwa, imebaki nyumba yenye thamani ya Sh 60,000,000. Hakuna wasia.

Kwa sheria ya Kiislamu, mke akiwa na watoto wa marehemu hupata 1/8, na mama 1/6. Kinachobaki ni cha watoto, wa kiume mafungu mawili, wa kike fungu moja. Tafuta KDS ya 8 na 6, yaani namba ndogo kuliko zote inayogawanyika kwa zote mbili: ni 24. Mke ana 3, mama ana 4, zimebaki 17. Mafungu ya watoto ni matano, mawili na mawili na moja, na 17 haigawanyiki kwa 5. Usiingie kwenye desimali. Zidisha asili, yaani ile 24, kwa 5, upate 120. Mke sasa ana 15, mama 20, watoto 85. Kila fungu ni 17: kila mvulana 34, binti 17. Jumlisha: 15, 20, 34, 34, 17. Ni 120.

Kosa ninaloliona mara nyingi ni mtu kumtolea mke 1/8 kwanza, kisha kumpa mama 1/6 ya kilichobaki. Inaonekana ni haki, lakini 1/6 ya 7/8 ni 7/48, wakati haki yake ni 8/48. Kwenye nyumba hii mama wa marehemu amepoteza Sh 1,250,000 kwa sababu ya mpangilio tu. Sehemu zote mbili hutoka kwenye mali nzima.

Wakati mwingine mafungu yanazidi mali. Mwanamke amefariki bila mtoto, ameacha mume na dada wawili wa baba na mama mmoja. Mume ana 1/2, dada wana 2/3, jumla 7/6. Huwezi kutoa mafungu saba kwenye mali yenye mafungu sita. Masuni wanaliita jambo hili auli, na suluhisho lake linanasibishwa na zama za khalifa Umar: asili inapandishwa kutoka 6 kuwa 7, mume apate 3, dada wapate 4, na kila mmoja apungukiwe kwa uwiano ule ule. Mashia hawakubaliani na njia hii, wana mpangilio wao. Husimuliwa pia kwamba khalifa Ali aliulizwa akiwa juu ya mimbari kuhusu mke, mabinti wawili, baba na mama. Mafungu ni 27 juu ya 24, na akajibu papo hapo kwamba thumni ya mke imekuwa tusui, yaani 1/8 imekuwa 1/9. Hesabu yake iko sawa: 3 juu ya 27.

Lakini kabla ya hesabu yoyote, msaidizi auliza: sheria gani inatumika hapa? Familia ile ile ingekuwa ya Kikristo, na mahakama ikaona maisha ya marehemu hayakufuata mila, Bara ingetumika Sheria ya Urithi ya India ya mwaka 1865, ambayo bado tunayo. Mjane angepata 1/3, yaani Sh 20,000,000. Watoto wangegawana 2/3 sawasawa bila kujali jinsia, kila mmoja Sh 13,333,333 na senti. Mama mzazi wa marehemu asingepata kitu. Kuna pia sheria za kimila, zenye mpangilio wao mwingine. Kuamua ni ipi si kazi ya msaidizi: Zanzibar ni Mahakama ya Kadhi kwa Waislamu, Kenya vivyo hivyo, na Bara mirathi ya Kiislamu na ya kimila huanzia Mahakama ya Mwanzo. Kazi yako ni kuhakikisha wanaokwenda huko wamebeba cheti cha kifo, muhtasari wa kikao cha ukoo, na wanajua wanachoomba.

Tulipofanya zoezi la familia ile darasani, nilimwomba yule kijana wa mafunzo kwa vitendo aandike mgawo kana kwamba wahusika wameketi mbele yake. Alichora mistari kwa rula. 60,000,000 gawa kwa 120 ni 500,000 kwa kila fungu. Mke, mafungu 15, Sh 7,500,000. Mama, mafungu 20, Sh 10,000,000. Kaka mkubwa, mafungu 34, Sh 17,000,000. Kaka mdogo vilevile. Dada, mafungu 17, Sh 8,500,000. Chini akapiga mstari, akajumlisha kwa mkono bila simu, akapata 60,000,000, akajumlisha tena kuanzia chini kwenda juu.